Kwa nini fundi AC mwenye leseni ni ghali

Umeuliza kwa nini fundi mwenye leseni kakutajia bei karibu mara mbili ya yule mwingine wakati AC ni ileile. Mashine ndio ileile ila kazi sio, mi niko kwenye hii fani, leseni yenyewe haili hela kivile, kinachokula ni vinavyoenda nayo: mafunzo ya kushika gesi ya kupoza, bima, geji za kupima presha, pampu ya vakyumu (inayonyonya hewa na unyevu kwenye mabomba), mashine ya kunyonya gesi ya zamani isiachiwe hewani. Na gesi zenyewe zinabadilika, ile ya zamani R-22 inaondolewa kwa Mkataba wa Montreal wa 1987 wa kulinda tabaka la ozoni, na tangu makubaliano ya Kigali 2016 ya kupunguza gesi zinazopasha dunia joto, hata R-410A iliyokuja baada yake inapunguzwa, sasa hivi R-32 imeshika soko na hiyo inaweza kuwaka moto japo sio kirahisi, kwa hiyo baadhi ya vifaa inabidi ununue upya. Halafu kazi ni ya msimu, joto likipanda simu haziishi, likishuka kimya kabisa, mishahara ya vijana iko palepale.

Huyo wa bei ndogo muulize swali moja tu, ukishafunga mabomba unavuta vakyumu hadi maikroni ngapi (kipimo cha presha iliyobaki ndani ya mabomba)? Inatakiwa ishuke chini ya 500 na itulie hapo. Akisema anatoa hewa kwa kupuliza gesi kidogo basi achana naye, unyevu ukibaki ndani unachanganyika na mafuta ya kompresa inakuwa asidi, na kompresa ndio inayokufa.