Ukiinua pikapu, pima upya tufe la kuvutia tela

Pikapu nyingi zinazokwenda mashamba ya zabibu upande wa Hombolo na Mbabala zimeinuliwa, na mwenye kuijua njia ya huko wakati wa masika hahitaji kuelezwa sababu. Yangu pia niliinua: springi ndefu zaidi nyuma, shokapu za kufanana nazo, na tairi kubwa kidogo. Kazi hiyo mafundi wetu wa Dodoma wanaiweza vizuri. Lakini kama gari lako huvuta tela, bei ya fundi wa springi si bei yote, kwa sababu gari limepanda na tela limebaki palepale.

Tela linalovutwa na tufe (kile kichwa cha chuma cha duara nyuma ya gari) lililo juu mno huinua pua. Mzigo huegemea nyuma, uzito unaopaswa kukaa juu ya tufe hupungua, na tela huanza kuyumba kulia na kushoto, hasa unapopishana na basi kwenye barabara ya Morogoro au upepo wa kiangazi unapolipiga kwa ubavu. Tela la ekseli mbili lina tabu nyingine: ekseli ya nyuma hubeba kuliko ya mbele, na tairi zake huchoka upesi bila mwenyewe kujua kwa nini. Uzito wa kwenye tufe unatakiwa uwe kati ya asilimia 10 na 15 ya uzito wa tela pamoja na mzigo wake. Simtanki la lita 1,000 likijaa ni tani nzima ya maji. Ukijumlisha tela tupu la kilo 350, mkono wake, yaani chuma cha mbele kinachofungwa kwenye tufe, unapaswa kukandamiza tufe kwa kilo 135 au zaidi. Ukitaka uhakika, uegemeze mkono huo juu ya mizani ya gunia katika kimo kilekile cha tufe, ukiwa umeweka vizuizi kwenye tairi. Namba ikiwa ndogo, sogeza tanki mbele kabla ya kulaumu chuma cha kuvutia. Na tanki lijae au liwe tupu kabisa. Maji ya nusu tanki hukimbia huku na huko kila unapokanyaga breki.

Kabla ya kununua chochote, jua gari lako limeinuliwa kwa njia gani. Waliowekewa vipande kati ya bodi na chesisi hawana la kubadilisha, kwa kuwa chuma cha kuvutia hufungwa kwenye chesisi, na chesisi haikupanda. Springi ndefu hupandisha chesisi yenyewe. Tairi nazo hupandisha, ila kwa nusu tu ya tofauti ya vipenyo: ukitoka inchi 29 kwenda inchi 31, umepata inchi moja, yaani sentimita mbili na nusu. Springi za kupandisha sentimita 5 pamoja na tairi hizo hukupa sentimita saba na nusu, na kiasi hicho kinatosha kuharibu mwendo wa tela lililokuwa likitembea vizuri.

Kupima kunataka sakafu iliyo sawa kwelikweli. Usitumie uwanja wa kituo cha mafuta, kwani mingi imejengwa kwa mteremko ili maji yatoke. Lijaze tela mzigo wako wa kawaida, weka pima maji juu ya fremu yake, kisha pandisha au shusha mkono kwa jeki mpaka povu likae katikati. Pima kutoka sakafuni hadi juu ndani ya kile kikombe kinachofunika tufe. Hicho ndicho kimo ambacho sehemu ya juu ya tufe inapaswa kufika. Halafu rudi kwenye pikapu ikiwa na watu na vitu unavyosafiri navyo, na upime hadi juu ya tufe lililopo sasa. Tofauti ya vimo hivyo viwili ndiyo unayopaswa kushusha. Ukishafunga tela, gari litakaa chini kidogo, ingawa springi mpya ngumu hazikai kama za zamani, kwa hiyo pima tena kabla ya kuondoka. Pua ikishuka kidogo sana, mimi huiacha hivyo. Ikiwa juu hata kidogo, sikubali.

Kwa gari lenye tundu la mraba nyuma, dawa ni kishikio cha tufe kilichokunjwa kushuka, kinachoingizwa na kufungwa kwa pini. Wapo watakaokushauri uchomelee kipande cha bamba chini ya kile cha zamani. Sikushauri hivyo, kwa sababu kadiri tufe linavyoshuka ndivyo linavyopata nguvu ya kupinda chuma kilichoko juu yake, na weldi ya kando ya barabara haina anayejua inabeba kilo ngapi. Kishikio cha kiwandani kina namba hiyo imegongwa mwilini. Faida nyingine ni kwamba hutoka: siku usiyovuta tela, kitoe, la sivyo kitalima kila ukingo wa mto mkavu.

Soma pia namba iliyo juu ya tufe na ile ya kwenye kikombe. Tufe la milimita 50 na la inchi 2 yanakaribiana mno, lakini lile la inchi 1 na 7/8 ni dogo kwa zaidi ya milimita 2, nalo hukubali kufungwa vizuri kisha likachomoka kwenye tuta. Minyororo ya usalama ipishane chini ya mkono wa tela, isiburute barabarani, na isivutike gari linapokata kona kali. Waya wa taa nao uangaliwe kwa namna hiyohiyo.

Jambo la mwisho liko mbali na tufe. Pikapu nyingi za zamani zina vali ya breki iliyounganishwa na ekseli ya nyuma kwa fimbo, ambayo hupima mzigo kwa kuangalia springi zimekaa kiasi gani. Ukiinua nyuma, vali hudhani gari ni tupu na kupunguza breki za nyuma. Fundi airekebishe fimbo hiyo au aiwekee kipande cha kuirudisha mahali pake kabla hujapita Mtera ukielekea milima ya Nyang'oro na tani ya mzigo mgongoni.