Nyaya mbili zinapimaje joto la tanuri?

SWALI: Tanuri la kiwandani kwetu hupimwa joto kwa nyaya mbili zilizochomelewa nchani, na mashine ya kukandamiza mabati ina kihisi cha mwanga mbele yake. Naomba kueleweshwa jinsi vinavyofanya kazi.

JIBU: Hiyo ya kwanza ni themokapo. Nyaya zake ni za metali mbili tofauti, na ncha moja ikiwa motoni na nyingine penye ubaridi, huzalisha volteji ndogo, kama alivyobaini Mjerumani Thomas Johann Seebeck mwaka 1821. Aina ya K, inayotumika sana viwandani, hutoa takribani milivolti 41 ncha ya motoni ikifika nyuzi 1,000 za Selsiasi na ya pili ikiwa kwenye nyuzi 0. Zingatia sharti hilo la mwisho, kwa sababu themokapo hupima tofauti ya joto baina ya ncha mbili. Kwa hiyo mahali nyaya zinapofungwa kwa skrubu, yaani ile ncha ya pili, pakipata joto na kifaa cha kusomea kisilifidie (kisiliongeze kwenye hesabu yake), tanuri litaonekana baridi kuliko lilivyo, nalo litaendelea kuchochewa mpaka bidhaa ziharibike. Ningeanza kukagua hapo kabla ya kulaumu nyaya.

Kihisi cha mwanga kwa kawaida ni fotodayodi, kipande cha silikoni ambacho kikipigwa na mwanga hupitisha mkondo wa umeme kwa kadiri ya mwanga huo. Mbele ya mashine, miale isiyoonekana kwa macho humulika safu ya fotodayodi. Mkono ukikatiza mwale mmoja tu, mashine husimama. Tafadhali, asiwepo wa kukizima ili kazi iende haraka.