Kabla ya chupa ya kwanza, jaza friza

Kila muhula unapoanza napata ujumbe kutoka kwa wanafunzi wa biolojia wanaotaka kufanya mradi wa kutazama mageuko ya bakteria maabara. Wanauliza waanze na chupa ngapi, watumie dawa gani, wasubiri wiki ngapi. Mimi huwauliza kwanza: friza lenu likoje?

Mradi wangu wa uzamili ulikuwa na chupa nne za E. coli, bakteria wa utumboni anayetumika sana maabara. Kila asubuhi nilichota mililita 0.1 kutoka chupa ya jana, nikatia kwenye mililita 9.9 za midia mpya, yaani chakula cha majimaji cha bakteria, nikarudisha kwenye inkubeta ya nyuzi 37. Ukiwapunguza mara 100 hivyo, lazima wajigawe mara sita na nusu hivi ndipo wafikie wingi wao wa jana. Siku moja, vizazi sita na ushee. Wiki ya saba, chupa ya tatu ikawa na ukungu mzito kuliko wenzake, ule weupe wa majimaji yenye bakteria wengi. Nilifurahi mno, nikamwita msimamizi wangu aje kuona. Tulipopanda kwenye sahani, yakaota makoloni, yaani madoa ya bakteria, ya manjano yenye utelezi: bakteria mwingine kabisa, aliyeingia kwa mkono wangu. Uchafu humpata kila mtu. Kilichoniliza ni kwamba sikuwa na pa kurudia. Nilikuwa nimegandisha bakteria wa siku ya kwanza tu, na wiki zote saba za chupa ile zikapotea.

Baadaye ndipo nikasoma kwa makini jinsi mwanabiolojia Mmarekani Richard Lenski alivyopanga jaribio lake la muda mrefu la mageuko ya bakteria. Alilianza Februari 1988 huko Irvine, California, kwa chupa 12 za E. coli kutoka ukoo mmoja, akahamia nalo Michigan, na tangu 2022 linaendelezwa Texas. Kila baada ya vizazi 500, yaani siku 75, sampuli ya kila chupa hugandishwa. Bakteria hao hawafi, wanalala. Ukiwaamsha wanaendelea walipoishia. Ndiyo maana korona ilipofunga maabara mwaka 2020, jaribio lilisimamishwa na baadaye likaendelea.

Chupa moja kati ya zile 12, ilipofika vizazi 33,000 hivi, nayo ilipata ukungu mzito. Midia yao ilikuwa na sitreti, kemikali ya aina iliyomo kwenye limau, tangu mwanzo, ila E. coli wa kawaida hawezi kuila penye oksijeni. Wale walikuwa wamejifunza. Lenski na wenzake nao kwanza walishuku uchafu, kama ilivyopasa, wakapima na kuthibitisha kuwa ni bakteria wao wenyewe. Kisha Zachary Blount, mtafiti wa maabara ya Lenski, akarudi kwenye friza, akaamsha mababu wa vipindi mbalimbali na kuwaendesha upya. Uwezo ule ulijirudia kwa waliotoka kizazi cha 20,000 na kuendelea, si kwa wa kale zaidi. Kwa hiyo kuna mabadiliko ya awali yaliyotengeneza njia. Swali kama hilo huwezi kulijibu kwa kuangalia chupa ya leo peke yake.

Friza pia ndilo linalokuwezesha kumpambanisha mjukuu na babu yake. Mwamshe babu, mkuze yeye na mjukuu siku moja, kila mmoja chupa yake, ili wazoee hali ileile. Wachanganye nusu kwa nusu, panda kidogo kwenye sahani, kesho panda tena uhesabu nani ameongezeka zaidi. Utawatofautishaje? Kwa rangi. Lenski alitumia aina mbili: wasioweza kula sukari ya arabinosi huota makoloni mekundu kwenye sahani maalumu, wanaoweza huota meupe. Chupa sita za rangi hii, sita za ile. Ukizihudumia kwa kupokezana, nyekundu kisha nyeupe, tone likirukia chupa ya jirani utaliona kwenye sahani. Ila hakikisha kwanza, kwa kuwapambanisha mababu wa rangi zote mbili, kwamba rangi yenyewe haimpi yeyote nafuu.

Msipunguze chupa ili kuokoa midia. Jambo likitokea kwenye chupa moja huenda ni bahati. Likitokea kwenye sita kati ya nane, una cha kuandika.

Mengine ni ya kazi ya kila siku. Changanya sampuli na gliseroli, kimiminika kinachokinga seli zisiharibiwe na barafu, kabla ya kugandisha. Weka vichupa viwili vya kila sampuli kwenye friza mbili tofauti, na uulize ipi imeunganishwa na jenereta, maana umeme ukikatika usiku wa Jumamosi hakuna atakayekupigia simu. Lebo andika kwa kalamu isiyofutika kwa spiriti: namba ya chupa, kizazi, tarehe.

Kwenye mradi wangu wa pili nilifuata haya yote. Mwezi uliopita, miaka sita baadaye, nilikwangua barafu kidogo kutoka kichupa cha kizazi cha 300 nikaipanda. Asubuhi sahani ilikuwa imejaa makoloni mekundu.