Waziri Mkuu wa Dodoma na wa London
Ndugu, umeuliza kama Waziri Mkuu wetu wa Tanzania ana nguvu sawa na wa Uingereza. Maswali ya papo kwa papo anayoulizwa bungeni kila Alhamisi hapa Dodoma yasikudanganye. Uingereza yeye ndiye kiongozi wa serikali: Waziri Mkuu James Callaghan aliangushwa bungeni 1979 kwa kura ya kutokuwa na imani, 311 dhidi ya 310, nchi ikaenda kwenye uchaguzi. Kwetu Rais humteua mbunge wa jimbo, Bunge linamthibitisha. Kumng'oa (ibara ya 53A ya Katiba) kunataka hoja yenye sahihi za asilimia 20 ya wabunge, kisha zaidi ya nusu ya wabunge wote. Ikipita anaondoka yeye pamoja na mawaziri; Rais yuko palepale Ikulu ya Chamwino, anateua mwingine. Kumng'oa Rais mwenyewe ni ibara ya 46A, inayotaka theluthi mbili ya wabunge wote. Hapo ndipo wengi huchanganya mambo.