Kushika usukani wa boti ya makasia: ushauri kwa vijana wa Arusha na Moshi wanaoanza

Kila mwaka wa masomo unapokaribia kuanza huko Uingereza na Marekani, wapo vijana kutoka Arusha na Moshi waliopata ufadhili ambao hujikuta katika vyuo vinavyothamini sana mbio za makasia, na aliye mfupi au mwembamba miongoni mwao hakai muda mrefu kabla ya kuulizwa na mtu wa timu kama angependa kushika usukani. Wengi hukubali bila kujua wamekubali nini, kwa sababu kazi hiyo, ikitazamwa kutoka ukingoni, huonekana kuwa ni kukaa na kupaza sauti huku watu wanane wakitokwa na jasho. Mimi niliifanya nilipokuwa chuoni Uingereza, na tangu niliporudi Tengeru nimekuwa nikiwasaidia vijana wanaojiandaa kuondoka. Ninayoyaandika hapa ni yale ninayowasisitizia wao.

Jambo la kwanza kulielewa ni kwamba wapiga makasia huketi wakiipa mgongo njia wanayoiendea. Wewe peke yako ndiye unayeona mbele, na karibu kila wajibu wako unatokana na hali hiyo. Mtu anayevuta kasia kwa nguvu zake zote hana nafasi ya kutafakari. Akiwa na shaka juu ya umbali uliobaki, au juu ya boti inayosikika ubavuni, au juu ya daraja alilolipita jana mahali fulani hapa, hupunguza nguvu bila kukusudia ili ajiwekee akiba. Kazi yako ni kumwondolea shaka hiyo. Unapokosa la kusema, jiulize ni kitu gani wenzako wanakihitaji na hawawezi kukijua wenyewe, kisha uwaambie hicho, na kama hakipo, nyamaza.

Boti ya watu wanane ina urefu wa mita 17 au 18 hivi, nayo ni nyembamba kiasi kwamba mtu mmoja akiinamisha kichwa upande, wote wanahisi. Kwa kanuni za mbio za kimataifa haipaswi kupungua kilo 96. Viti huhesabiwa kuanzia omo, yaani ncha ya mbele ya boti: aliye omoni ni nambari 1, na nambari 8 ndiye anayeketi mbele yako, uso kwa uso, nawe ukiwa tezini, yaani nyuma kabisa; mapigo yake ndiyo yanayofuatwa na wengine wote. Katika boti nyingi za watu wanne mambo hugeuka, kwani mshika usukani hulala chali ndani ya omo, kichwa chake tu kikiwa nje, asimwone mwenzake hata mmoja. Huko utajifunza kuisoma boti kwa mgongo wako: jinsi inavyolalia upande, na jinsi maji yanavyosikika chini yake inapokwenda vizuri.

Usukani wenyewe ni kibapa kidogo chini ya boti, kinachovutwa kwa kamba nyembamba au kwa kijiti cha kidole. Una tabia mbili ambazo ni lazima uzizoee. Ya kwanza ni kwamba kila unapoutumia unaipunguzia boti mwendo, kwa kuwa unakinzana na maji. Ya pili ni kwamba hujibu kwa kuchelewa: unaugusa, na omo inaendelea kule kule ilikokuwa ikielekea kwa pigo moja au mawili kabla ya kuanza kugeuka. Mgeni anapoona boti haimsikii huongeza, na boti inapoitika huwa imezidisha, naye hurudisha kwa nguvu upande wa pili, ikawa timu inapiga makasia kwa njia ya nyoka na kwenda umbali mrefu kuliko washindani wake. Chagua alama iliyo mbali, iwe mnara au mti, na nyuma yake alama nyingine; mradi zote mbili zimepangana, unakwenda sawa. Zikianza kuachana, gusa kidogo, subiri, tazama tena.

Gusa wakati mabapa ya makasia yamo majini. Wakati huo boti imeshikwa pande zote mbili, hivyo inageuka pasipo kuyumba. Ukiugusa usukani wakati makasia yako hewani na watu wanajongea kwenye viti vyao vya kuteleza kujiandaa kwa pigo linalofuata, boti hulala ubavu, makasia ya upande mmoja yakaburura juu ya maji, na pigo hilo likaharibika kwa wote. Kumbuka pia kwamba boti inapogeuka, tezi hutoka nje kuelekea upande wa pili, kwa hiyo usikate kona ukiwa ndani ya tao la daraja. Nyoosha boti kabla ya kuingia na ukae umenyooka mpaka tezi itoke, la sivyo makasia yatagonga nguzo. Kona kali haikatwi kwa usukani peke yake, bali waombe watu wa upande wa nje waongeze nguvu. Na kwa kuwa kulia kwao ni kushoto kwako, pande hutajwa kwa kufuata uelekeo wa boti, na mara nyingi kwa rangi: nyekundu kushoto, kijani kulia. Jizoeze mpaka zikutoke mdomoni bila kufikiri.

Mengi ya haya unaweza kuanza kujifunza kabla hujapanda ndege. Ziwa Duluti, pale Tengeru, ni ziwa la kreta lililozungukwa na msitu, na wageni hupelekwa huko kuzunguka kwa mitumbwi ya kafi. Nenda na wenzako wawili, vaeni majaketi ya kuokolea, muwe na kiongozi anayelijua ziwa, kisha wewe ukae nyuma na uongoze kwa kafi lako hadi kwenye mti mmoja uliouchagua ng'ambo. Ukishaweza hilo, waombe walio mbele wafumbe macho, nawe uwaongoze kwa maneno. Nimelifanya zoezi hili na binti mmoja wa Moshi aliyekuwa akijiandaa kuondoka, mwenye sauti nzuri na ari kubwa. Alianza kwa kurudiarudia, "Twendeni, twendeni," mpaka kijana aliyekuwa mbele kabisa, macho yake yamefumbwa na mabega yamekakamaa, akamwuliza, "Twende wapi, dada?" Binti akanyamaza kidogo, akasema, "Ukingo uko mita thelathini. Tunakwenda sawa. Mapigo matano, kisha tunaacha." Mabega ya yule kijana yalishuka, na kafi lake, lililokuwa likiparaza maji kwa woga, likaanza kuzama sawasawa. Sijapata njia bora kuliko hiyo ya kumfundisha mtu tofauti kati ya taarifa na kelele.

Amri nzuri ina mambo matatu kwa mpangilio huu: nani, nini, lini. "Wote wanane, nguvu kamili, baada ya mapigo mawili." Kisha unahesabu, "Moja, mbili," na neno "sasa" linatua wakati mabapa yanaingia majini. Ukitaja tendo kabla ya kumtaja mtendaji, watu wawili wataanza, watatu watasita, na boti itayumba. Boti nyingi za vyuo zina kipaza sauti kinachovaliwa kichwani na spika zilizofungwa chini ya viti, hivyo huna haja ya kupiga kelele. Ukipaza sauti tangu mwanzo hutakuwa na cha kuongeza mita 500 za mwisho zitakapofika. Zungumza kwa utulivu watu wanapotakiwa kutulia, na sauti yako ipande pale tu unapotaka nguvu ipande.

Kuhusu umbali na nafasi, sema kweli daima. Mbio za kawaida za kimataifa ni mita 2,000, ambazo timu bora za wanaume wanane humaliza kwa takriban dakika 5 na nusu. Katika dakika hizo mpiga kasia hugawa nguvu zake kwa kuamini hesabu yako. Ukisema yamebaki mapigo kumi, yawe kumi kweli. Ukiwaambia kumi ili uwatie moyo na yakawa ishirini, watakuwa wametoa kila kitu mapema, na katika mbio zinazofuata kila mmoja atakuwa na hesabu yake kichwani, isiyolingana na yako. Vivyo hivyo, mkiwa nyuma sema mko nyuma na ueleze mtakavyowafikia: "Wametuzidi urefu wa kiti kimoja, namsogelea mshika usukani wao." Hiyo ni habari ambayo watu wanaweza kuifanyia kazi.

Jifunze pia kupima kasi ya mapigo kwa saa ya kawaida, kwa sababu vifaa huzimika. Anza kuhesabu kasia linapoingia majini, acha yapite mapigo matatu kamili, kisha tazama sekunde. Sekunde 9 maana yake ni mapigo 20 kwa dakika, ambayo ni kasi ya mazoezi mepesi. Sekunde 6 ni mapigo 30. Sekunde 5 ni 36, na hapo mko katika mbio.

Kuna jambo linalowapa taabu vijana wetu hasa. Sisi tumelelewa kumwamkia mkubwa kwanza, na kumwomba jambo kwa "naomba" na "tafadhali". Sasa unatakiwa kumwamrisha mtu mwenye miaka 25 na urefu wa karibu mita mbili, kwa neno moja lisilo na pambo. Majini hakuna nafasi ya pambo, na hakuna atakayeona umekosa adabu. Heshima yako ioneshe nchi kavu: fika mapema kuliko wote, zungumza na nambari 8 kabla na baada ya kila mazoezi ili ujue alihisi nini, na msikilize kocha mpaka uelewe anatafuta nini katika pigo. Panda mara kwa mara kwenye mashine ya mazoezi ya makasia ili ujue maumivu ya dakika ya nne yanafananaje, maana mtu asiyeyajua hutoa amri za ajabu. Unapomrekebisha mtu, mtaje kwa nambari na umwambie kosa lililo wazi: "Nambari 3, unachelewa kuingia." Akirekebisha, mwambie kwamba amerekebisha. Wala usikubali mtu mwingine atoe amri ndani ya boti, hata kama ana uzoefu kukuzidi, kwani wahenga walishasema manahodha wengi, chombo huenda mrama. Mwambie kwa upole mkishafika ukingoni.

Usalama ni wako kabla haujawa wa mwingine yeyote. Kabla ya kutoka, hakikisha tufe dogo la mpira, linalozuia ncha ya omo isimchome mtu, liko mahali pake, na kwamba kamba za visigino vya viatu vilivyofungwa botini ni fupi na imara, kwa sababu ndizo zinazomwezesha mtu kuchomoa miguu boti ikipinduka. Boti ikipinduka, watu wote wabaki nayo, wahesabiane kuanzia nambari 1, na pasiwepo anayeogelea kwenda ukingoni peke yake. Kama unalala omoni, jaketi lako la kuokolea liwe lile la kujazwa kwa mkono, kwani linalojijaza lenyewe linaweza kukubana ndani ya boti. Radi ikisikika, tokeni majini. Kocha akisisitiza mtoke nawe unaona mto haufai, una haki ya kukataa, na ninakusihi uitumie.

Sasa kuhusu uzito, ambao ndio uliokufanya uulizwe tangu mwanzo. Katika Michezo ya Olimpiki ya Paris mwaka 1900, Waholanzi wawili waliokuwa wakishindana walimwacha mshika usukani wao, Hermanus Brockmann, wakamchukua mtoto wa Kifaransa kwa sababu alikuwa mwepesi, wakashinda. Jina la mtoto yule halijulikani kwa hakika mpaka leo. Mambo hayaendi hivyo tena. Kanuni za kimataifa zinataka mshika usukani awe na kilo zisizopungua 55, na aliyepungua hubebeshwa uzito wa ziada ndani ya boti. Kwa hiyo usijinyime chakula. Nimeona vijana wakijikausha kwa ajili ya kilo mbili, wakafika botini hawana sauti wala umakini, na timu ikapoteza zaidi ya ilichookoa. Wasichana nao wasidhani kwamba nafasi yao ni kwenye boti za wanawake tu. Sue Brown aliishika boti ya wanaume ya Oxford mwaka 1981 katika mbio zao dhidi ya Cambridge, na tangu 2017 kanuni za kimataifa zinaruhusu mshika usukani wa jinsia yoyote katika boti yoyote.

Mwisho ni mavazi. Wenzako watapata joto kwa kuvuta makasia; wewe utakaa bila kusogea saa nzima na nusu, alfajiri, katika baridi ambayo ile ya Julai ya Arusha haiikaribii. Utahitaji suruali na koti visivyopitisha maji, sweta mbili za kuvaa chini yake, kofia ya sufu, na glavu nyembamba, maana nene zitakuzuia kuihisi kamba ya usukani. Kule bei zake huumiza mwanafunzi. Pita soko la Memorial pale Moshi kabla ya safari, utafute mitumba kwa utulivu, na ukague mishono ya koti kwa ndani kabla hujalipa.