Wasimulieni Vijana Mbio Zenyewe: Namna ya Kuwaenzi Wanariadha Wetu wa Zamani

Alphonce Simbu alipotwaa medali ya dhahabu ya marathoni katika mashindano ya dunia ya riadha mjini Tokyo, Septemba 2025, vijana ninaowafundisha mbio walishangilia kwa siku kadhaa, na wengi wao wakasema kwamba sasa Tanzania nayo imeanza kukimbia. Furaha yao ilikuwa yangu pia, lakini kauli ile iliniuma, kwa kuwa nchi hii ilikuwa na wakimbiaji wa kuogopwa duniani kabla wazazi wa vijana hawa hawajaoana. Siwalaumu. Tunachowapa kuhusu wanariadha wa zamani ni sifa tupu: huyu ni nguli, yule ni gwiji, na picha moja iliyofifia inayochapishwa kila ikifika sikukuu ya taifa. Miaka ya kufundisha imenionyesha kwamba kijana hashikwi na sifa. Hushikwa na mbio zenyewe, zikisimuliwa hatua kwa hatua.

Ninapomzungumzia Filbert Bayi, kwa hiyo, siku hizi sianzi na vyeo vyake. Naanza na Christchurch, New Zealand, Februari 2, 1974, fainali ya mita 1,500 ya Michezo ya Jumuiya ya Madola. Desturi ya mbio hizo ni mkimbiaji kujibanza ndani ya kundi, kumwachia mwingine kazi ya kukata upepo, kisha kufyatuka katika mzunguko wa mwisho. Bayi, kijana aliyezaliwa Karatu, alishika uongozi mapema, akafungua pengo kubwa, na wala hakuwa na mtu wa kumvutia kasi. John Walker, aliyekuwa akikimbia mbele ya watu wa nyumbani kwake, alimkaribia sana katika mita za mwisho lakini hakumpata. Bayi alimaliza kwa dakika 3 na sekunde 32.2, akavunja rekodi ya dunia ambayo Jim Ryun wa Marekani alikuwa ameishikilia tangu 1967. Walker mwenyewe, ingawa alikuwa wa pili, alikimbia chini ya rekodi hiyo ya zamani. Ben Jipcho wa Kenya alikuwa wa tatu.

Baada ya kuwasimulia hayo, huwapeleka vijana uwanjani. Muda wa Bayi ukigawanywa, kila mzunguko wa mita 400 unakuwa chini ya sekunde 57. Uwanja wetu ni wa nyasi, na mistari tunaichora kwa chokaa, kwa hiyo naomba mmoja wao, yule anayejiamini kuliko wote, akimbie mzunguko mmoja tu kwa nguvu zake zote huku wenzake wakiangalia saa. Hufika akihema, mikono magotini, na mara nyingi sekunde 60 zimeshapita. Hapo ndipo namwambia kwamba Bayi alikwenda kwa kasi kuliko hiyo mizunguko mitatu na robo tatu bila kupumzika. Kimya kinachofuata ni cha heshima ya kweli, na maswali yanayokuja baada yake ni mazuri kuliko yote ninayoulizwa darasani. Mwalimu, alikuwa akifanya mazoezi gani? Alikuwa akila nini? Kwa nini hakupata dhahabu ya Olimpiki?

Swali hilo la mwisho linastahili jibu kamili. Mei 1975, huko Kingston, Jamaika, Bayi alivunja pia rekodi ya dunia ya maili moja kwa dakika 3 na sekunde 51.0, na miezi michache baadaye Walker akaichukua. Dunia nzima ilisubiri wakutane kwenye Olimpiki ya Montreal mwaka 1976. Hawakukutana, kwa sababu Tanzania na nchi nyingi za Afrika zilisusia michezo hiyo kupinga ziara ya timu ya raga ya New Zealand nchini Afrika Kusini, wakati wa utawala wa makaburu. Walker alishinda dhahabu. Bayi hakukanyaga uwanja ule. Mweleze kijana kwamba kulikuwa na watu waliolipia ukombozi wa wengine kwa miaka bora ya miguu yao, naye ataelewa kuwa orodha ya medali haisemi kila kitu. Miaka minne baadaye, mjini Moscow, Bayi alipata fedha katika mita 3,000 za kuruka viunzi na maji, na Suleiman Nyambui akapata fedha katika mita 5,000. Hadi leo Tanzania haina medali nyingine za Olimpiki zaidi ya hizo mbili.

Ushauri wangu mwingine ni huu: msikubali kisa kimoja kimmeze mtu mzima. John Stephen Akhwari wa Mbulu anajulikana duniani kwa sababu alianguka na kuumia goti katika marathoni ya Olimpiki ya Mexico City, 1968, lakini akaendelea na kumaliza wa mwisho, zaidi ya saa moja baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia, mguu ukiwa umefungwa bandeji. Ni kisa kikubwa na kinastahili kusimuliwa. Hata hivyo, msikilizaji akiishia hapo, anaondoka akidhani Akhwari alikuwa mkimbiaji dhaifu mwenye moyo mgumu. Wachache hutaja kwamba mwaka 1970, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Edinburgh, alikuwa wa tano kwenye marathoni kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 5. Mexico aliumia mkimbiaji wa daraja la juu, na uzito wa uamuzi wake wa kutokuacha unatokana na hilo.

Juma Ikangaa, askari wa Jeshi la Wananchi, naye asimuliwe pamoja na nafasi zake za pili. Alikuwa wa pili katika marathoni ya Boston mara tatu mfululizo, 1988, 1989 na 1990, na mara ya kwanza Ibrahim Hussein wa Kenya alimzidi kwa sekunde moja. Alipoteza mbio hizo akiwa mbele kwa sehemu kubwa, kwa sababu hakupenda kujificha nyuma ya mtu. Kwa mtindo huohuo alishinda marathoni ya New York mwaka 1989 kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 1, rekodi ya njia ile iliyodumu hadi 2001. Wanawake nao wasisahaulike: Theresia Dismas alileta nyumbani medali ya kurusha mkuki kutoka Michezo ya Afrika ya Brazzaville mwaka 1965, na bado nakutana na walimu wa michezo wasiolijua jina lake.

Wapo pia wale ambao hawakufika huko, walioishia kwenye mashindano ya mkoa, ya majeshi au ya shule, na hao wengi wao ni majirani zetu. Ukimtembelea mmoja wao, usimuulize alijisikiaje aliposhinda, maana jibu lake litakuwa la watu wote. Muulize alivaa viatu gani, nani alimwamsha alfajiri, walisafiri kwa chombo gani hadi uwanjani, nani alikuwa mbele yake kwenye kona ya mwisho. Miaka huchanganyika kichwani, kwa hiyo linganisha simulizi na magazeti ya wakati huo yaliyohifadhiwa maktaba, na ukiona tofauti, rudi umuulize kwa adabu badala ya kumsahihisha. Akikutolea picha, ambazo mara nyingi hukaa bahasha moja na hati za shamba, zipige nakala palepale kwa simu na umrudishie mkononi kabla hujaaga. Kisha mwombe awataje waliomo kuanzia kushoto, nawe uandike majina yao kwa penseli nyuma ya kila picha, pamoja na mahali na mwaka, wakati bado yupo wa kuwatambua.