Usinunue dari ya nta kabla ya kupima joto la alfajiri

Ndugu uliyeuliza kuhusu vyumba vya wageni pale Shela, usimlipe huyo muuzaji bado. Umesema atakuletea mbao za dari zenye nta inayoyeyuka kwenye nyuzijoto 23 ili upunguze umeme wa viyoyozi. Mimi nilizitia mbao za aina hiyo katika vyumba vitatu vya nyumba yangu Malindi, nikatoa shilingi 410,000 pamoja na ujira wa fundi, na bado tokeni za umeme huisha upesi kama zamani.

Nta inapoyeyuka humeza joto jingi huku yenyewe ikibaki karibu na joto lile lile: kilo moja ya parafini humeza takriban kilojuli 200, joto ambalo lingepandisha kilo moja ya maji kwa karibu nyuzi 48. Hapo muuzaji aliyeniuzia mimi alisema kweli. Alilonyamazia ni kwamba nta ikishayeyuka yote haimezi tena kitu cha maana mpaka igande upya, na haitaganda mpaka hewa inayoigusa ipoe chini ya hizo nyuzi 23. Kule Freiburg, Ujerumani, ambako watafiti wa taasisi ya Fraunhofer walichunguza plasta yenye chembe za nta, usiku wa kiangazi mara nyingi hushuka chini ya nyuzi 20. Mtu hufungua madirisha, nta ikaganda, na asubuhi iko tayari kwa kazi. Kwangu, mwezi wa Machi, kaskazi imekwisha na kusi haijashika, kipimajoto nilichokitundika chini ya dari kilisoma nyuzi 28 saa kumi na moja alfajiri. Nta ile iliyeyuka siku ya kwanza na ikabaki majimaji msimu mzima.

Nilipompigia simu muuzaji wangu, alinijibu kwamba niwashe kiyoyozi usiku kucha kwenye nyuzi 18 ili niigandishe. Nilinunua dari ili nipumzishe kiyoyozi, naye ananiambia kiyoyozi sasa kiihudumie dari! Michoro aliyonionyesha ilikuwa ya vipimo vya kweli, nami sikuuliza ni vya usiku wa mji gani. Kosa hilo ni langu. Lakini yeye ni mtu wa pwani, analala katika joto hili hili, na alijua.

Kwa hiyo, mtu akikusifia kwamba kitu kinahifadhi joto jingi, muulize kwanza joto hilo litaondoka vipi usiku. Kuta nene za matumbawe za Lamu zina tabu hiyo hiyo, ndiyo maana msimu wa joto watu hupanda kulala juu, chini ya makuti, penye upepo. Kuhifadhi ubaridi kwa barafu ni habari nyingine, kwa sababu mashine ndiyo inayoigandisha, hata mchana kwa umeme wa jua, na kilo moja ikiyeyuka humeza kilojuli 334.

Tundika kipimajoto darini kwa wiki mbili za Machi, usome kila alfajiri kabla jua halijatoka. Ikiwa hakishuki angalau nyuzi nne chini ya kiwango cha kuyeyuka kilichoandikwa kwenye mbao, mrudishie mzigo wake. Andika vipimo vyako hapa kabla ya kutoa hata arubuni, nitavisoma.